Kuwasimamia Wafanyakazi wa Foleni kwa Flower: Mwongozo kutoka Ofisi ya Forodha Mombasa

Wakala wa forodha anapoandikisha kontena lililoshushwa bandari ya Kilindini, kitufe kimoja anachobofya karani huanzisha mlolongo wa kazi ambazo karani mwenyewe hazioni. Hati ya PDF hutengenezwa, barua pepe hupelekwa kwa mwenye mzigo aliyeko Kampala au Kigali, ujumbe mfupi hutumwa kwa dereva anayesubiri na lori lake Changamwe, na hesabu ya ada za kuhifadhi mzigo hupigwa upya. Karani hawezi kukalishwa mbele ya skrini hadi yote hayo yaishe, kwa hiyo mfumo huziweka kazi hizo kwenye foleni, na michakato inayoendeshwa kando, mara nyingi kwenye seva nyingine kabisa, huzichukua na kuzitekeleza. Michakato hiyo ndiyo tunayoiita wafanyakazi wa foleni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwatazama na kuwaongoza kupitia kivinjari kwa kutumia Flower, programu huria iliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Celery.

Nimeutunza mfumo wa namna hii katika ofisi moja ya mjini hapa, na jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: ukurasa wa Flower huonyesha yale ambayo wafanyakazi wanayatangaza, wala hauonyeshi kila kinachosubiri. Asiyejua tofauti hiyo ataona rangi ya kijani na kudhani kazi inakwenda, ilhali madereva wamesimama juani.

Celery, broka na Flower

Celery ni maktaba (msimbo ulio tayari kutumika) ya lugha ya programu ya Python, iliyoanzishwa na Ask Solem mwaka 2009. Yenyewe haihifadhi foleni; foleni hukaa kwenye programu ya kati, ambayo wahandisi wetu huiita broka, na broka inayotumika sana ni ama RabbitMQ ama Redis. Programu ya ofisi huiachia broka kazi, na mfanyakazi huichukua kutoka hapo. Kila mfanyakazi anapopokea kazi, anapoianza, anapoimaliza au inapomshinda, anaweza kutangaza tukio, na matangazo hayo nayo hupita kwenye broka hiyo hiyo. Flower husikiliza matangazo hayo na kuyapanga kwenye kurasa. Unapobofya kitufe cha kumwamuru mfanyakazi, Flower huandika amri na kuipitisha kwenye broka hadi imfikie.

Mpangilio huo unaeleza mambo mengi yatakayokuja baadaye. Kwa mfano, Flower inaweza kumzima mfanyakazi lakini haiwezi kumwasha, kwa sababu aliyekwisha kuzimika hana sikio la kusikia amri. Vilevile, ukitumia Amazon SQS kama broka, Celery haitoi matukio wala haipokei amri za mbali kupitia kwayo, na Flower haitakufaa. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kuchagua broka, si baada ya mfumo kuanza kutumika.

Kusakinisha na kuwasha

Usakinishaji hauna mengi. Katika mazingira yaleyale ya Python ambamo Celery imesakinishwa, andika:

pip install flower

Tuseme programu yako inaitwa mzigo. Mwashe mfanyakazi kwa amri hii:

celery -A mzigo worker -E -n ujumbe1@%h -Q ujumbe --concurrency=4

Chaguo la -Q hutaja foleni atakayoihudumia, na --concurrency ni idadi ya michakato ya ndani anayoiendesha kwa pamoja. Herufi -E ndiyo inayomruhusu mfanyakazi kutangaza matukio. Ukiisahau, na hukuweka worker_send_task_events kuwa kweli katika mipangilio, huenda ukamwona mfanyakazi kwenye orodha huku ukurasa wa kazi ukibaki mtupu, nawe utapoteza asubuhi nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo. Jina linalofuata -n nalo si pambo. Wafanyakazi wasiopewa majina yanayoeleweka, hasa wanaoendeshwa ndani ya kontena za Docker (vifurushi vya kuendeshea programu, si makontena ya bandarini), huja na majina ya nasibu kila kontena hizo zinapoundwa upya, na baada ya wiki moja orodha yako itakuwa na majina ishirini ambayo kumi na sita kati yake ni ya marehemu. Chaguo la --purge_offline_workers, likifuatwa na idadi ya sekunde, huwaondoa hao waliotoweka; hata hivyo jina zuri hukuepusha na tatizo tangu mwanzo.

Kisha washa Flower:

celery -A mzigo flower --address=127.0.0.1 --port=5555 --persistent=True --db=/var/lib/flower/flower.db

Poti (namba ya mlango wa mtandao) ya 5555 ndiyo ya kawaida. Chaguo la --persistent ni la lazima kwa maoni yangu, kwa kuwa Flower huweka kumbukumbu zake kwenye RAM tu na huzisahau zote inapozimwa. Ikiwa broka yako ni RabbitMQ, ongeza pia --broker_api pamoja na anwani ya kiolesura chake cha usimamizi, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye poti ya 15672, ili Flower iweze kukuonyesha idadi ya ujumbe ulio ndani ya kila foleni. Usiache hatua hii. Sababu yake utaiona baadaye kidogo.

Seva zetu ziko Ulaya. Niliwahi kuiendesha Flower kwenye kompyuta yangu mwenyewe mjini Mombasa huku broka ikiwa ng'ambo, na kurasa za wafanyakazi zilikuja nusunusu. Flower huwauliza wafanyakazi hali yao na kwa kawaida husubiri jibu kwa milisekunde 1000, na safari ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula sehemu kubwa ya muda huo. Unaweza kuongeza --inspect_timeout, lakini njia bora ni kuiweka Flower jirani na broka, kisha wewe uifungue kwa handaki la SSH, yaani njia iliyosimbwa kutoka kompyuta yako hadi kwenye seva:

ssh -L 5555:127.0.0.1:5555 mtumiaji@seva

Baada ya hapo fungua http://localhost:5555 kwenye kivinjari chako.

Kufunga mlango

Njia hiyo ya handaki ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Angalia kwamba amri yetu iliifunga Flower kwenye 127.0.0.1, maana yake haisikilizi mtu yeyote aliye nje ya seva. Katika matoleo ya zamani, mtu aliyeifikia Flower isiyo na nywila aliweza kuwazima wafanyakazi wako wote; matoleo mapya hukataa amri hizo hadi uweke nywila au uziruhusu kwa makusudi, lakini mtu huyo bado anaweza kusoma vigezo vya kila kazi, yaani data ambazo kazi hupewa. Kwetu sisi vigezo hivyo vilikuwa na namba za simu za madereva na namba za usajili za malori, na hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Sioni sababu yoyote ya kuziacha wazi kwenye intaneti, hata kwa saa moja ya majaribio.

Iwapo ni lazima watu kadhaa waifikie, weka nywila kupitia kigezo cha mazingira (mpangilio unaowekwa nje ya amri) FLOWER_BASIC_AUTH badala ya kuiandika kwenye amri, ambako yeyote anayeorodhesha michakato ya seva ataisoma. Flower inaweza pia kuthibitisha watumiaji kwa akaunti za Google, GitHub, GitLab au Okta. Ukichagua njia hiyo, hakikisha una toleo la karibuni, kwa kuwa mwaka 2022 ilifichuliwa kasoro iliyomwezesha mtu kuukwepa uthibitisho huo katika matoleo ya wakati ule.

Kuhusu vigezo vyenyewe, dawa ya kweli ni kutoipa kazi namba ya simu hata kidogo. Ipe kitambulisho cha rekodi, na mfanyakazi aisome namba kutoka kwenye hifadhidata anapoihitaji. Celery hukuruhusu kuficha maandishi ya vigezo kwa argsrepr, na Flower itaonyesha maandishi uliyoyaweka, kwa mfano nyota, badala ya data. Lakini kumbuka kuwa ujumbe wenyewe ndani ya broka bado unabeba data kamili.

Kuusoma ukurasa

Ukurasa wa kwanza una jedwali la wafanyakazi. Kila mstari una jina, hali ya kuwa hewani au la, idadi ya kazi zinazotekelezwa sasa, zilizokwisha kushughulikiwa, zilizoshindikana, zilizofaulu, zilizojaribiwa upya, na mzigo wa seva. Wengi hutazama safu ya hali peke yake. Nami nilikuwa miongoni mwao hadi Jumatatu moja.

Saa tatu kasorobo asubuhi karani alinipigia simu: madereva watatu walikuwa wamefika ofisini wenyewe kuuliza kwa nini hawajapata ujumbe wa kuwaita bandarini. Nilifungua Flower nikakuta wafanyakazi wote wako hewani, hakuna hata kazi moja iliyoshindikana, na mzigo wa seva uko chini mno. Kwa haraka yangu nikamjibu kwamba mfumo ni mzima na pengine tatizo ni la mtandao wa simu. Nilikosea. Ilinibidi niketi na kuutazama mstari mmoja kwa dakika mbili nzima ndipo nilipoona kwamba safu ya kazi zinazotekelezwa ilikuwa inasoma 4, haipandi wala haishuki, na safu ya zilizoshughulikiwa ilikuwa imeganda kwenye namba ileile. Mfanyakazi alikuwa na michakato minne, na yote minne ilikuwa imeshikwa.

Kilichotokea ni kwamba seva ya kampuni iliyotusambazia ujumbe mfupi ilikuwa inapokea muunganisho kisha inanyamaza. Msimbo wetu uliita seva hiyo kwa maktaba ya requests bila kuweka kikomo cha kusubiri, na maktaba hiyo haina kikomo chake yenyewe: usipoiwekea, itasubiri tu. Na kwa nini mfanyakazi aliendelea kuonekana mzima? Ni kwa sababu anayetangaza uhai wake ni mchakato mkuu, nao haufanyi kazi za foleni. Watoto wake ndio wanaozifanya. Mzazi alikuwa anapiga mapigo ya moyo bila kukosa huku watoto wote wanne wamekaukiwa.

Tangu siku hiyo naufungua ukurasa kwa utaratibu mmoja. Kwanza natazama kama idadi ya zilizoshughulikiwa inasogea. Pili, nafungua ukurasa wa mfanyakazi mmoja na kwenda kwenye kichupo cha kazi, nione zinazotekelezwa zilianza lini, kwa kuwa kazi ya kutuma ujumbe ambayo kwa kawaida humaliza chini ya sekunde mbili haina haki ya kuwa na umri wa dakika arobaini. Tatu, natazama urefu wa foleni ndani ya broka.

Hatua hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Kazi iliyoko kwenye foleni na ambayo hakuna mfanyakazi aliyeipokea haina wa kumtangazia Flower kuwa mfanyakazi ameipata, na kwa hiyo huwezi kutegemea orodha ya kazi ikuonyeshe wingi wa zinazosubiri. Utaupata kwenye ukurasa wa broka, au kwa kuuliza Redis moja kwa moja:

redis-cli llen ujumbe

Hata namba hiyo haisemi kila kitu. Kwa mipangilio ya kawaida, kila mchakato huruhusiwa kujichukulia kazi 4 mapema, hivyo mfanyakazi mwenye michakato minne anaweza kukalia hadi kazi 16 ambazo bado hajazianza, na hizo zimekwisha kutoka kwenye foleni. Mfanyakazi aliyekwama hukwama nazo, wakati jirani yake huenda hana la kufanya. Kwa kazi ndefu, kama utengenezaji wa hati kubwa za PDF, weka worker_prefetch_multiplier kuwa 1.

Marekebisho tuliyoyafanya yalikuwa matatu. Tuliweka kikomo kwenye kila wito wa nje. Tuliweka task_soft_time_limit ya sekunde 45 na task_time_limit ya sekunde 60. Kikomo cha kwanza huipa kazi nafasi ya kujiondoa kwa utaratibu, na cha pili huua mchakato na kuweka mwingine mahali pake. Mwisho tulitenganisha foleni, ujumbe ukawa na wafanyakazi wake na hati zikawa na wao, ili kukwama kwa upande mmoja kusiuzuie mwingine.

Kutoa amri

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye kichupo cha foleni cha mfanyakazi, nacho ni kile cha kumwondoa kwenye foleni fulani. Msambazaji wa ujumbe mfupi akiharibikiwa leo, sihitaji kumzima mtu wala kufuta kitu. Namwamuru mfanyakazi aache kuchukua kutoka foleni ya ujumbe, kazi mpya zinabaki salama kwenye broka zikiongezeka taratibu, na huduma ikirudi namrudisha kwa kuandika jina la foleni hiyo. Zile chache alizokwisha kujichukulia ataendelea nazo, na hilo ulikumbuke.

Kichupo cha ukubwa (Pool) hukuwezesha kuongeza au kupunguza michakato ya mfanyakazi papo hapo. Ni msaada mkubwa meli mbili zinapofunga gati kwa siku moja na kazi zinamiminika, lakini nyongeza hiyo hupotea mfanyakazi anapowashwa upya. Kinachodumu ni kile kilichoandikwa kwenye amri ya kumwashia. Pia kila mchakato hufungua muunganisho wake kwenye hifadhidata. Hifadhidata ya PostgreSQL kwa mipangilio ya kawaida huruhusu miunganisho 100, na ukiongeza michakato bila kuhesabu utawafungia mlango makarani wenyewe.

Upo pia uwezo wa kuweka kikomo cha kasi kwa aina ya kazi, kwa mfano 10/m kwa kazi kumi kila dakika. Kikomo hicho ni cha kila mfanyakazi peke yake. Wafanyakazi watatu watatuma thelathini.

Kufuta na kukatisha ni mambo mawili tofauti, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Kazi ambayo imepokelewa lakini haijaanza hufutwa kwa usalama: wafanyakazi hukumbuka kitambulisho chake na kuiruka zamu yake ikifika. Kumbukumbu hiyo iko kwenye RAM, hivyo wafanyakazi wote wakizimwa na kuwashwa kabla ya zamu hiyo, kazi uliyoifuta inaweza kutekelezwa. Chaguo la --statedb likifuatwa na njia ya faili huihifadhi kumbukumbu hiyo kwenye diski.

Kukatisha kazi inayoendelea ni kuua mchakato unaoifanya. Hatari yake ya kwanza ni kwamba kati ya kubofya na ishara kufika, mchakato huo unaweza kuwa umekwisha kuimaliza kazi uliyoikusudia na kuanza nyingine, na utakayoiua ni hiyo isiyo na hatia. Hatari ya pili ni ya ndani ya kazi yenyewe: ankara imekwisha kuandikwa kwenye hifadhidata lakini barua pepe haijatoka, na atakayeirudisha kazi ataandika ankara ya pili kwa kontena lilelile. Kabla ya kukatisha, jiulize kama kazi hiyo inaweza kurudiwa tangu mwanzo bila kuleta madhara. Kama jibu ni hapana, acha kikomo cha muda kifanye kazi yake, kisha rekebisha msimbo ili jibu liwe ndiyo.

Amri ya kumzima mfanyakazi ni ya upole kuliko inavyoonekana, kwa kuwa humsubiri amalize kazi alizozianza. Tukiwa na systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma za seva, iliyowekewa Restart=always, huzimika na kurudi mwenyewe akiwa na msimbo mpya, nasi huitumia hivyo kila tunapotoa toleo jipya.

Saa

Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake kwenye ratiba. Karani akisema ripoti itoke saa moja asubuhi, katika msimbo hiyo ni hour=7. Celery isipoelezwa vinginevyo hutumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na saa 7:00 ya UTC kwetu ni saa nne asubuhi, wakati ambapo ripoti haina tena faida. Andika timezone kuwa 'Africa/Nairobi' katika mipangilio, nawe utapunguza pia hesabu za kichwani unaposoma nyakati za kazi.

Mtego wa pili ulitugharimu heshima mbele ya madereva. Tulikuwa tunaagiza kikumbusho kitoke saa tatu baadaye kwa kutumia countdown, chaguo la Celery la kuchelewesha kazi, na broka yetu ni Redis. Kazi ya namna hiyo hupokewa na mfanyakazi mapema na kushikiliwa hadi wakati wake ufike, bila mfanyakazi kuithibitishia broka kwamba ameichukua. Redis kwa upande wake, kwa mipangilio ya Celery, husubiri uthibitisho kwa saa moja. Muda huo ukipita, kazi ileile hupewa mfanyakazi mwingine, na saa moja baadaye mwingine tena. Dereva mmoja alituonyesha simu yake ikiwa na ujumbe uleule mara tatu ndani ya dakika moja. Kwenye Flower dalili ilikuwepo kwa aliyejua kutafuta: nilipofungua vichupo vya wafanyakazi watatu, kitambulisho kimoja cha kazi kilikuwa kimeorodheshwa kwa wote watatu kikingoja saa yake. Unaweza kuongeza visibility_timeout, yaani muda huo wa kusubiri uthibitisho, ipite ucheleweshaji wako mrefu kuliko wote. Sisi tuliona ni salama zaidi kuandika kikumbusho kwenye jedwali la hifadhidata, na kazi moja ya ratiba hupita kila baada ya dakika tano ikituma vilivyofikia wakati wake na kuvitia alama.

Usiku

Hakuna anayekesha akitazama kivinjari, na bandari hailali. Flower hutoa vipimo vyake kwenye anwani ya /metrics kwa muundo ambao Prometheus, programu ya kukusanya vipimo na kutoa kengele, huusoma, na kwenye /healthcheck hujibu OK ikiwa yenyewe iko hai. Tengeneza kengele kwa flower_worker_online ikishuka hadi sifuri, na nyingine kwa flower_events_total isiposogea kwa dakika kumi ilhali foleni ina kitu. Hiyo ya pili ndiyo ambayo ingetuamsha alfajiri ya Jumatatu ile, kabla dereva wa kwanza hajawasha lori.